Heko, Kebo Isiyopenda Safari

Nakuru imezoea kusifiwa kwa vitu vinavyokaa vizuri pichani. Flamingo wa ziwani walisifiwa ulimwengu mzima, hadi maji yalipoanza kufura katika muongo wa 2010 na wengi wao wakahama bila kuaga. Menengai ina shimo lake, mbuga ina vifaru wake, na tangu tarehe 1 Desemba 2021, mji ulipotawazwa kuwa jiji, hata mizunguko ya barabara imepata wa kuisifu. Kaptembwo, mtaa uliobanana upande wa magharibi, huachwa nje ya nyimbo hizo. Ukitajwa, hutajwa kwa msongamano wa ploti na foleni ya choo cha pamoja. Basi na iwe zamu yake. Sifa zinazofuata zinaanzia katika chumba kimoja cha kupanga Kaptembwo, juu ya meza ambayo asubuhi ni jikoni na jioni ni maabara, na zinakiendea kitu ambacho hakijawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote mwenye akili timamu.

Kitu hicho ni kebo ya USB.

Si ile ya kuchaji simu, ambayo ina wapenzi wake na hugombaniwa kila tokeni za stima zinapokaribia kwisha. Msifiwa wetu ni kebo itokayo kwenye kifaa cha kupimia, tuseme oskiloskopu ndogo, ikaingia kwenye laptopu ya mwanafunzi, na ambayo inatakiwa ivuke hapo ifike hadi ndani ya kompyuta pepe ya chuo. Inatakiwa. Yenyewe haijawahi kuahidi.

Kompyuta pepe, kwa asiyeijua, ni kompyuta iliyobaki kazini huku kioo chake kikija nyumbani. Mashine yenyewe imo ndani ya seva, pengine Nairobi, pengine ng'ambo. Anachokiona mwanafunzi ni picha tu, na anachokipeleka ni kubofya na kuandika. Kwa chuo ni neema. Programu ghali za kuchora na kupima saketi huwekwa mara moja mahali pamoja, na laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inajiona dume. Mwenye meza yetu ni mwanafunzi wa kubuni, ingawa wenzake wa kweli ni wengi: anasomea stashahada ya umeme, amepanga Kaptembwo kwa sababu kodi inapatana na mfuko, na kwa kuandika ripoti au kuigiza saketi kompyuta pepe haijamwangusha. Balaa huanza anapotaka kupima volti za kweli. Kifaa kiko mezani. Programu ya kukisoma iko kwenye seva. Katikati pana kebo ya mita moja na ushei, na kebo imekataa katakata.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba. Babu yake alizaliwa katika kampuni ya Hewlett-Packard mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandikishwa rasmi mwaka 1975 kwa jina la IEEE 488. Alikuwa mnene kama kidole gumba, na vichwa vyake vilifungwa kwa skrubu, kimoja kikipandishwa juu ya kingine kama magunia ya viazi kwenye lori la Molo. Kwa jumla aliruhusiwa kutanda mita 20, basi. Mjukuu alikuja Januari 1996 akiwa na wazazi saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Wazazi hao walitaka kumaliza vurugu ya matundu nyuma ya kompyuta, ambako kipanya, printa, kibodi na modemu kila kimoja kilidai mlango wake. Walifaulu, kisha wakaanza kufa. DEC ilimezwa na Compaq mwaka 1998, Compaq ikamezwa na HP mwaka 2002, Nortel ikafilisika mwaka 2009. Kebo imewazika wazazi watatu na bado inauzwa stejini pamoja na soksi na njugu karanga.

Tabia zake za utotoni zinajulikana. Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyeongoza kazi hiyo, amekiri hadharani kwamba kichwa cha kuingia upande wowote kingehitaji nyaya maradufu na gharama maradufu. Kwa hiyo dunia ikapewa kile cha mstatili ambacho hukataa upande wa kwanza, hukataa upande wa pili, kisha hukubali upande wa kwanza. Hakuna mwalimu aliyewahi kufundisha unyenyekevu kwa bei nafuu hivyo. Matajiri nao hawakusamehewa. Aprili 1998, jijini Chicago, Bill Gates akiwa jukwaani mbele ya umati, msaidizi wake alichomeka skana ya USB kwenye kompyuta yenye Windows 98, na skrini nzima ikageuka buluu. Gates akatania kwamba ndiyo maana bado haijaanza kuuzwa. Kijana wa Kaptembwo anayeambiwa na laptopu kwamba kifaa hakitambuliki amejiunga na orodha ya watu wazito.

Lakini sifa yake kuu ni adabu, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndani ya adabu hiyo ndimo ulimo ukaidi wote.

Katika ufalme wa USB mwenyeji ni mmoja, nayo ni kompyuta. Vifaa vingine vyote ni wageni. Mgeni akifika hubisha hodi kwa kuinua volti ya waya mmoja wa data kupitia kipinga cha kiloomu 1.5. Mwenyeji humkaribisha, humuuliza ukoo wake, yaani nambari ya kampuni iliyomtengeneza, na jina lake, yaani nambari ya bidhaa, kisha humpa nambari ya kiti kati ya 1 na 127. Kuanzia hapo mgeni hafungui kinywa asipoulizwa. Hata kipanya kikisogezwa, hakisemi kimesogezwa. Kinangoja mwenyeji apite na kuuliza, kuna jipya? Mtoto wa namna hiyo angesifiwa na ukoo mzima.

Tatizo ni mwenyeji. Mwenyeji hana subira. Chini ya kanuni za USB 2.0, za mwaka 2000, akishauliza hungoja takriban mikrosekunde moja na nusu tu, kisha humhesabu mgeni kuwa amekufa. Ndani ya muda huo mdogo swali na jibu lazima vipite kwenye nyaya zote na vigawanyio vyote vya njiani. Kila kipande cha kebo kimetengewa nanosekunde 26, na hapo ndipo panapotoka ile mita 5 iliyoandikwa kama mpaka. Watu wengi hudhani ni ubahili wa watengenezaji. Ni hesabu ya subira.

Sasa pigia hesabu safari. Kutoka Nakuru hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 160. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata faiba ingefuata barabara bila kuchepuka Naivasha wala Gilgil, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 1.6. Hiyo ni zaidi ya mara elfu moja ya subira ya mwenyeji. Kabla kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS hazijatua Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali moja lilikawia zaidi ya nusu sekunde kurudi na jibu. Mgeni angezikwa na matanga yakaanuliwa.

Ndipo wajuzi wakaajiri washenga. Mshenga wa kwanza huketi ndani ya laptopu, akajifanya ndiye mwenyeji: anamuuliza mgeni upesiupesi kama sheria inavyotaka, anakusanya majibu, anayafunga katika pakiti za mtandao. Mshenga wa pili huketi ndani ya seva, akajifanya ndiye mgeni: anaiambia kompyuta pepe, niko hapa, nimechomekwa hapahapa, nipe muda kidogo. Hakuna upande unaomwona mwenzake, kama posa za zamani. Takahiro Hirofuchi na wenzake wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nara, Japani, walieleza mfumo wao wa USB/IP mwaka 2005, na mwaka 2014 ulipokelewa rasmi katika kiini cha Linux. Microsoft na kampuni nyingine za kompyuta pepe nazo zina washenga wao, na kila mmoja ana masharti yake.

Washenga hawa si wabaya. Kifaa chenye maneno machache huwafaa sana. Tangu mwaka 2003 kuna lugha maalumu ya vifaa vya kupimia kupitia USB: kompyuta inauliza, volti ngapi? Kifaa kinajibu, 3.27. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kucheleweshwa na yakabaki na maana. Mulitimita ya benchi au oskiloskopu kubwa yenye kumbukumbu yake hupita bila kelele nyingi, na chuo kinachonunua vifaa kwa ajili ya kompyuta pepe kingefanya vyema kuuliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Mwanafunzi hana oskiloskopu kubwa. Ana kile anachoweza kukimudu, tuseme Hantek 6022BE ya Uchina, kisanduku chenye njia mbili kisicho na kumbukumbu ya maana. Chote kinachopima hukimwaga papo hapo kwenye kebo. Kikimwaga sampuli milioni 24 kwa sekunde, kila moja baiti moja, hizo ni megabaiti 24, yaani megabiti 192 kila sekunde. Mshenga aliyepewa waifai ya ploti ya megabiti 10, inayogawanywa na majirani wanaotazama mpira, anatakiwa apitishe mto wa Njoro kwenye mrija wa soda. Hawezi. Na kwa kuwa hawezi, kebo haidanganyi kwamba imeweza: wimbi linakatika vipande, programu inanyamaza, skrini inaganda. Uaminifu wa kiwango hicho ni nadra katika vifaa vya elektroniki.

Kisanduku hicho kina fadhila nyingine, ya kubadilisha jina safarini. Ndani yake mna chipu ya Cypress inayoamka ikiwa haijui kazi yake. Inapochomekwa hujitambulisha kwa nambari ya ukoo 04B4. Kompyuta huimwagia programu yake ya ndani, chipu hujikata kwenye mwenyeji kana kwamba imechomolewa, kisha hubisha hodi upya, safari hii ikijiita 04B5. Kwa laptopu ya kawaida ni sekunde chache zisizoonekana. Kwa mshenga ni fedheha. Alipewa ruhusa ya kumvusha mgeni wa kwanza. Katikati ya daraja mgeni anatoa kipande kingine chenye tarakimu moja tofauti, na askari wa mpakani, ambaye ni orodha iliyoandikwa na msimamizi wa seva, anasema huyu simjui. Mwanafunzi anachomoa, anachomeka, anaangalia. Kifaa kinaonekana, kinatoweka, kinaonekana. Usiku wa manane, jirani akisikia ile sauti ya kompyuta ya kuingia na kutoka kwa kifaa mara 30 mfululizo, anaweza kudhani ni kengele ya mganga.

Msimamizi wa seva naye asilaumiwe mno. Anakumbuka zama za flashi. Yeyote aliyewahi kuchapisha kazi yake saibani anakumbuka pia: unachomeka flashi safi, unaichomoa ikiwa imejaa folda zilizogeuka njia za mkato, na insha yako haipo. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilienezwa kwa flashi kama hizo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na oskiloskopu isiyo na dhambi inafungiwa nje pamoja na ukoo mzima wa USB.

Halafu kuna swali la uhalali wa kuzaliwa. Oktoba 2014, kampuni ya FTDI ya Glasgow, watengenezaji wa chipu maarufu za kuunganisha vifaa vya maabara na USB, ilisambaza kupitia Windows draiva iliyotambua chipu za kuiga na kuzifuta nambari ya bidhaa, ikaweka sifuri nne. Vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi asubuhi havikutambulika jioni. Walioumia hawakuwa waigizaji wa chipu bali wanunuzi, watu wa aina ya mwanafunzi wetu, wanaonunua bodi zao Luthuli Avenue, Nairobi, bila cheti cha kuzaliwa. Makelele yalipozidi, draiva hiyo iliondolewa. Tukio hilo lastahili kukumbukwa kila mara mtu anapomwambia mwanafunzi kwamba kifaa chake hakifanyi kazi kwa sababu hajasoma.

Na kabla ya kuilaumu seva, draiva, ukoo au Glasgow, kuna kebo za stejini zenye nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, za kupitisha chaji. Zile za data, ya kijani na nyeupe, hazimo. Kwa nje zinafanana kabisa na zilizokamilika. Kifaa kinawasha taa, mwanafunzi anatabasamu, na hakuna kitakachotokea mpaka kiyama.

Mwenye kusifu anaweza kuulizwa, yote haya yana faida gani? Yana moja, na si ndogo. Machi 2020, Kenya ilipofunga vyuo kwa sababu ya korona, masomo yalihamia mtandaoni kwa kishindo. Mihadhara ilihama. Mitihani ilihama. Vipimo havikuhama. Baadhi ya vyuo vya Marekani vilituma vifaa vya USB kwa posta hadi nyumbani kwa wanafunzi. Penginepo, maabara ikawa ni kuigiza saketi kwenye skrini. Saketi ya kuigiza ni tamu mno. Kipinga cha kiloomu 1 ndani yake ni kiloomu 1 kamili, betri haishuki, waya hauchomoki, na wimbi ni laini kama kitambaa cha hariri. Mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima asikutane na kipinga chenye hitilafu ya asilimia 5. Kebo ya USB ndiyo iliyogoma. Katika nyumba nzima ya pepe, yenye kompyuta pepe, darasa pepe na mahudhurio pepe, yenyewe ilisisitiza kwamba volti zina mahali pake, na mahali penyewe hapazidi mita 5 kutoka kwa mpimaji. Vyuo vya ufundi vya Kenya, ambavyo sasa hutahini umahiri kwa ushahidi wa kazi ya mkono, vingeweza kuiweka kwenye nembo.

Walioielewa kebo vizuri tangu mwanzo ni watu wa mradi wa iLab. Mwaka 1998 Jesús del Alamo wa MIT aliunganisha kipimo ghali cha vifaa vya semikondakta kwenye intaneti, ili wanafunzi wakitumie kutoka mbali. Katika miaka ya 2000 mradi huo ulishirikiana na vyuo vikuu vitatu vya Afrika: Obafemi Awolowo cha Nigeria, Makerere, na Dar es Salaam. Siri yake ilikuwa ya kijijini kabisa: kipimo hakisafiri. Kilifungwa kwenye kompyuta iliyo pembeni yake kwa kebo fupi, na mwanafunzi alituma ombi dogo, nataka volti kuanzia hapa hadi hapa, kisha akaletewa jedwali la majibu. Mtandao mwembamba ulitosha, maana kilichopita ni maneno machache. Hakuna aliyeitaka kebo ivuke bahari. Makerere iliendelea hadi kutengeneza majaribio yake yenyewe kwa mtindo huo. Miaka 20 baadaye bado wapo wanaonunua leseni za washenga kwanza, wakiondoa kompyuta ya mwisho ya kweli kwenye benchi la maabara ili kubana matumizi, kisha wanashangaa. Kompyuta moja kuukuu iliyoachwa kando ya kifaa ingewaokoa.

Mwanafunzi wetu aliligundua hilo kwa njia ndefu, Juni 30, siku ambayo kebo yake ilikatika shingoni. Tundu la kisanduku chake ni lile la mraba, sawa na la printa, na Kaptembwo nzima mwenye kebo ya printa saa mbili usiku ni mwenye saiba. Lakini Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru za KRA, na foleni ya wenye kuandika sifuri ilikuwa imefika mlangoni.

"Mama, naomba waya wa printa, dakika kumi tu."

"Dakika kumi za saa ama za shule?"

"Za saa, mama."

"Enda nazo, kijana. Wakipiga kelele nakufuata."

Hakujaribu kuivusha kebo tena. Aliifungua programu ndogo kwenye laptopu yenyewe, akaacha kompyuta pepe ingoje, akagusa saketi yake kwa ncha ya kipimo. Wimbi likatokea, na halikuwa la hariri. Lilikuwa limepanda juu ya mtetemo mwingine mpana, mara 50 kwa sekunde, ambao haukuwa kwenye kitabu wala kwenye saketi ya kuigiza: stima ya ploti, ikiingia kupitia nyaya, ukuta na mkono wake mwenyewe. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyopaswa. Akahifadhi namba kwenye faili, faili dogo kuliko picha ya mtoto wa dada yake, akalipandisha kwenye kompyuta pepe, nalo likafika bila mshenga.

Mlango ukagongwa. Akachomoa kebo, akaikunja, akatoka nayo. Nyuma yake laptopu ilitoa ile sauti ya kifaa kuondoka, na kule saibani mtu wa nne kwenye foleni alikuwa anauliza kama printa imerudi.